Mbwa wao "haumi", binti yangu anatetemeka: tufanyeje ufuoni?

SWALI

Assalam aleikum daktari. Naishi Nyali, Mombasa, na nina binti wa miaka 8. Jumamosi na Jumapili asubuhi na mapema hupenda kushuka ufuoni kutembea, maana siku nyingine ni shule na chuo cha Kurani. Siku hizi wenye mbwa wamekuwa wengi, na wengi wao huwafungua wakimbie. Binti yangu akimwona mbwa kwa mbali tu hunishika nguo na kutetemeka. Mara nyingine hukimbia na mbwa akamfuata. Nikilalamika naambiwa, "Usiogope mama, haumi." Mimi mwenyewe nilikimbizwa na mbwa utotoni na hadi leo moyo haujatulia. Halafu sisi ni Waislamu, mate ya mbwa kwenye nguo ni shida ya swala. Mume wangu anasema tuache kwenda. Dada yangu anasema mtoto alazimishwe kumshika mbwa ili hofu imtoke. Jirani anataka mbwa wapigwe marufuku kabisa. Nani ana haki? Na je, nibebe fimbo?

JIBU

Wa aleikum salaam dada. Nianze na uliloniuliza moja kwa moja. Msiache kwenda ufuoni, msimlazimishe mtoto kumshika mbwa, na marufuku kamili haitawasaidia hata ikipatikana. Kinachotakiwa ni kamba. Mbwa afungwe kamba kila mahali penye watu, na afunguliwe tu mahali na wakati ambao watumiaji wa ufuo wamekubaliana. Nayasema haya nikiwa daktari wa mifugo ambaye sehemu kubwa ya kazi yangu ni tabia za mbwa, na nikiwa mtu anayewapenda wanyama hawa kwa dhati. Mbwa anayetembea na kamba halalamikiwi, hapigwi mawe, hatiliwi sumu.

Ufuo hauna mwenyewe mmoja. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mwenye jumba linalotazama bahari hana haki pale kumzidi mvuvi, muuza madafu, au wewe na binti yako. Mwenye mbwa naye ni umma. Mbwa wake anahitaji kutembea na kunusa dunia, na mbwa anayefungiwa uani mwaka mzima mara nyingi ndiye anayekuja kuwa mkali. Kwa hiyo simwondolei haki yake. Ila haki hiyo ni ya kutembea na mbwa. Haifiki mahali pa mbwa kumwendea mtu asiyemtaka.

Sasa hilo la "haumi". Nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu walioniletea mbwa ambaye ndiyo kwanza ameuma. Hawakuwa wakidanganya. Mtu anamjua mbwa wake nyumbani, akiwa ameshiba, kati ya watu aliowazoea. Hamjui mbwa huyohuyo mbele ya mtoto mgeni anayepiga ukelele, buibui linapepea kwa upepo, na nyuma yake kuna mbwa wa pili anayembwekea. Kitu kinachokimbia huamsha ndani ya mbwa silika ya kufukuza, na silika hiyo imo hata kwa mbwa mpole kabisa. Anapomfikia huyo anayekimbia ndipo huamua la kufanya, na uamuzi huo hauchukui hata sekunde moja. Mwenyewe akiwa hatua 30 nyuma hana analoweza kuzuia.

Wengi pia husoma vibaya mwili wa mbwa. Huona mkia unatikisika wakasema amefurahi. Mkia ulioinuka juu, mgumu, unaotikisika kwa haraka na kwa ufupi, ni wa mbwa aliyechemka, na huenda ikawa furaha au ghadhabu. Mbwa anayepiga miayo bila usingizi, anayejilamba pua bila chakula, anayegeuza kichwa huku weupe wa macho ukionekana, huyo anasema "niondokeeni". Mbwa aliyenyamaza ghafla, mwili umekauka, macho yamekukazia, huyo ni wa kuogopwa kuliko anayebweka. Wenye mbwa wangejifunza ishara hizi kabla ya kufundisha mbwa kutoa mkono, wateja wangu wangepungua, nami ningefurahi.

Tena, hata asipouma. Mbwa wa kilo 35 akimrukia mtoto wa kilo 24 kwa mapenzi tu, mtoto anaanguka, na kwa mtoto mwoga hilo ni tukio la kubaki nalo miaka. Sheria ya Uingereza ya mbwa hatari, ya mwaka 1991, inakubali jambo hili: mbwa anaweza kuhesabiwa kuwa hadhibitiwi na ni hatari hata kabla ya kugusa mtu, ikiwa yuko mtu mwenye sababu ya maana ya kuhofia kwamba atajeruhiwa. Sheria hiyo haitufungi sisi wa Mombasa, lakini wazo lake ni la haki: anayeogopa hahitaji kuumwa kwanza ndipo asikilizwe.

Nikisema kamba, namaanisha kamba ya mita moja na nusu hadi mbili, mkononi mwa mtu mzima anayeweza kumzuia mbwa huyo. Zile kamba zinazojifungua zenyewe zikafika mita 5 na zaidi hazifai penye watu. Mbwa huwa ameshamfikia mtoto kabla mwenyewe hajabonyeza kizuizi. Na kumkabidhi mtoto wa miaka 10 au kijana wa kazi ambaye naye anamwogopa mbwa ni sawa na kumfungua.

Hofu ya binti yako ningependa tuitazame vizuri, maana naona ndani yake kuna mambo ambayo watu huyachanganya.

Lipo la kichaa cha mbwa, na hili si woga wa kitoto. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kati ya visa vya binadamu, 99 kwa mia hutoka kwa mbwa. Wanne katika kila kumi wanaokufa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mama wa Pwani anapomvuta mwanawe mbali na mbwa asiyemjua, anafanya jambo la akili. Jibu lake ni chanjo. Mbwa wakichanjwa hadi kufikia 70 kwa mia ya mbwa wote wa eneo, ugonjwa hukosa pa kushika. Jirani zetu wa Pemba wamelionyesha hili: uchanjaji wa mbwa uliukata ugonjwa huo kisiwani mwaka 2014, ukaletwa tena 2016, wakachanja tena, na 2018 ukakatika. Kenya nayo ina mkakati wa kuumaliza ulioanza 2014 na kulenga 2030. Mwenye mbwa wa Nyali anayetaka watu watulie aanze kwa kuonyesha cheti cha chanjo ya mwaka huu.

Lipo la tahara, yaani usafi wa kidini unaotakiwa kwa swala. Mimi si sheikh, na sitaingia kwenye fatwa. Ila wasomaji wasio Waislamu waelewe kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Pwani, mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito, inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa akikulamba mkono saa kumi na mbili kasoro, hilo kwako ni kicheko. Kwa mama aliyepanga kuswali Dhuha, swala ya asubuhi baada ya jua kuchomoza, akirudi, ni kufua nguo na kuanza upya. Mtu huyo huenda hamwogopi mbwa hata kidogo, na wala hamchukii. Dini hiyohiyo ina hadithi mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na inaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo. Huruma kwa mbwa na kutotaka mate yake hukaa pamoja bila tabu, na mwenye mbwa hana haja ya kuona ametukanwa.

Halafu lipo la tatu, ambalo ndilo la kutetemeka: hofu iliyopitiliza, ambayo haishuki hata mtoto akijua mbwa amefungwa na amechanjwa. Hofu hii hupatikana kwa kuumizwa, lakini pia kwa kutazama. Umeniandikia kwamba wewe mwenyewe ulikimbizwa. Mtoto husoma mkono wa mama kabla ya kusoma mbwa. Ukimkaza mkono na pumzi yako ikakatika, ameshapata habari. Sikulaumu hata chembe, dada. Nakueleza ili ujue kwamba ukijitibu wewe, umeanza kumtibu yeye. Na jambo jingine ambalo naliona kwetu sana: mtoto wa mjini hapa hukutana na mbwa wa aina moja tu, mbwa wa ulinzi, aliyefungwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa usiku, anayembwekea kupitia geti kila apitapo kwenda chuo. Hajawahi kumwona mbwa aliyetulia. Angekujaje kuamini kwamba yupo?

Sasa tuje ufuoni penyewe, kwa sababu mengi yanayoandikwa kuhusu mbwa na bustani za miji mikubwa hayakai sawa juu ya mchanga wetu. New York, kwa mfano, bustani nyingi huruhusu mbwa wafunguliwe tangu zinapofunguliwa hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa tatu usiku hadi zinapofungwa. Saa nyingine zote ni kamba. Ni mpango mzuri, kwa sababu anayeogopa anajua saa ya kutokea na saa ya kubaki nyumbani. Lakini bustani haijai maji. Ufuo wetu hupanuka na kubana kila siku, na saa zake husogea kama dakika 50 kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, alfajiri maji bado yako juu, watu na mbwa wote wamebanwa kwenye ukanda mwembamba chini ya kuta za majumba na mahoteli. Kufikia saa nne maji yamepwa na ufuo umekuwa uwanja mkubwa ambao kila mtu anaweza kumpa mwenziwe nafasi. Chunguza zile siku mbaya za binti yako. Nadhani utakuta nyingi ni za maji kujaa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa watu wa Nyali ni kutumia majira ya maji. Maji yakiwa yamejaa, kila mbwa awe na kamba, bila ubishi. Maji yakipwa, wenye mbwa wachague kipande kimoja kinachojulikana, mbali na wachuuzi, mbali na watoto wanaoogelea, wakawafungulie huko wale wanaoitika wakiitwa. Jedwali la maji linajulikana mwezi mzima kabla, wavuvi hawahitaji hata kulisoma. Misimu ya kasa kutaga, mbwa asiachiwe karibu na viota hata maji yakipwa, kwa sababu hufukua mayai.

Mahali pabaya kuliko pote ni zile njia za umma za kushukia ufuoni, vichochoro vilivyobanwa na kuta mbili. Pale hakuna pa kukwepea. Ukikutana na mbwa katikati, yeye hana njia ya kukuepuka na wewe huna, na mbwa aliyebanwa ni mbwa tofauti. Utaratibu wa pale uwe mmoja: mwenye mbwa husimama nje ya kichochoro, hutazama, huuliza kwa sauti kama kuna mtu, na huwaachia watu wapite kwanza. Ningeanza na hili kabla ya jingine lolote, maana halihitaji kikao wala pesa.

Na kinyesi kiokotwe. Hapa siongelei uchafu tu. Minyoo ya safura ya mbwa huacha mayai kwenye mchanga, viluwiluwi vyake huingia kwenye nyayo za watoto na kuchora mistari inayowasha chini ya ngozi kwa wiki kadhaa. Wazazi wengi wa Pwani wameiona bila kujua imetoka wapi. Dawa ya minyoo kwa mbwa na mfuko mmoja mfukoni vinatosha.

Mkikutana na mbwa aliyefunguliwa, mfundishe binti yako kusimama. Najua ni rahisi kuandika na vigumu kutenda, ndiyo maana mfanye mazoezi sebuleni, kama mchezo, hadi mwili uzoee. Asimame wima, mikono imekunjwa kifuani, atazame ubavuni au chini, asimkazie mbwa macho, anyamaze. Asikimbie, asiinue mikono juu, asigeuze mgongo. Mbwa wengi watanusa, watachoka, wataondoka. Akiangushwa, ajikunje kama mpira, ngumi nyuma ya shingo, uso chini. Wewe simama kati yake na mbwa, umpe mbwa ubavu, useme na mwenyewe kwa sauti ya kawaida: "Tafadhali mshike mbwa wako, mtoto anaogopa." Usijieleze zaidi ya hapo. Huhitaji kusimulia uliyopitia utotoni wala kutoa hoja za dini kwa mtu usiyemjua.

Na wewe mwenye mbwa unayesoma haya, sentensi hiyo ukiisikia, mwite mbwa wako, mfunge, sogea upande wa maji, mpe mgongo yule mtoto, umwache apite. Usiseme haumi. Sema "samahani, nimeshamshika." Utashangaa jinsi uso wa mama unavyobadilika. Kama mbwa wako haitiki akiitwa mara moja, hakuwa tayari kufunguliwa.

Dada yako anataka mtoto alazimishwe. Naelewa anatoka wapi, na amegusa ukweli: hofu hupungua kwa kukaa karibu na kinachoogopwa, na kukiepuka kila siku huikuza. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alijenga matibabu ya namna hii miaka ya 1950, na msingi wake ni hatua ndogo ndogo, kila moja ikisubiri mwili utulie. Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, mwaka 1989 alieleza namna ya kuyafanya kwa kikao kimoja cha hadi saa tatu, na yamewasaidia watoto wengi wanaoogopa mbwa. Lakini katika njia zote hizo mtoto ndiye anayekubali kila hatua. Kumshika mkono na kuusukuma kwenye manyoya humfundisha kwamba hata mama hawezi kumlinda.

Nyumbani mnaweza kuanza wenyewe. Picha za mbwa, kisha video bila sauti, kisha na sauti. Kisha kumtazama mbwa mzee, mtulivu, aliyefungwa kamba, kutoka upande wa pili wa uwanja. Tafuta mbwa wa mtu mnayemwamini, usitumie mtoto wa mbwa, maana hao huruka na kutafuna vidole. Mkae pale, mzungumze, mle mabuyu, hadi yeye mwenyewe aseme moyo umeshuka. Muulize hofu ni ngapi kati ya kumi. Ikiwa nane, msisogee. Ikishuka hadi tatu, hatua chache mbele. Siku nyingine mtaishia palepale, na hilo halina ubaya. Msimshtukize, msimdanganye kwamba "hakuna mbwa leo". Lengo ni aweze kupita karibu na mbwa aliyefungwa kamba bila kutetemeka. Hana haja ya kumgusa, kwa hiyo suala la tahara halitawasumbua. Kama anakosa usingizi, anakataa kwenda shule au anajikojolea kwa hofu, mpelekeni kwa mwanasaikolojia wa watoto.

Jirani yako wa marufuku mwambie hivi. Mbwa wakifukuzwa ufuoni watarudi kwenye minyororo nyuma ya mageti, wabweke zaidi, na watoto wetu wawaogope zaidi. Na marufuku haitawagusa mbwa koko, ambao hawana mwenye kuadhibiwa. Kuwaua nako hakukati kichaa cha mbwa, nafasi yao hujazwa na wengine ambao hawajachanjwa. Afadhali mkutano wa wakazi, wazee wa mtaa, wavuvi, wachuuzi na ofisi ya mifugo ya kaunti, mkubaliane juu ya kamba, vichochoro, majira ya maji na chanjo. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mara nyingi huwa na chanjo za bure au za bei nafuu. Ni siku nzuri ya kualika wenye mbwa wote, nanyi wenye watoto mkatazama kwa mbali.

Ikitokea mtu ameumwa au amekwaruzwa, hata kidogo, kidonda kioshwe palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Msipake pilipili wala mafuta ya taa, na msisubiri kuona kama mbwa ataugua. Jina na simu ya mwenye mbwa mchukue kabla hajaondoka.

Na fimbo, dada. Ukiibeba ikakupa utulivu, ibebe, lakini iwe imeelekea chini. Ukiiinua, mbwa aliyekuwa akinusa tu huona vita, na binti yako huona kwamba mama ameogopa. Mimi ningebeba kikapu kile cha ukili ulichozoea kuchukulia maji na taulo. Mbwa akikukaribia, kiweke kati yenu, usawa wa pua yake, bila kumpiga nacho. Akikiuma, mwachie akishikilie, nanyi murudi nyuma polepole huku mkimtazama kwa pembe ya jicho.